PS5 au Xbox kwa magemu ya zamani? Nataka kulipia Ijumaa

Kijana_wa_Makole
Wakuu, heshima kwenu. Nina milioni moja na laki mbili, nataka mashine mpya ambayo itacheza na magemu yangu ya zamani, sitaki kuyatupa. Kuna jamaa wa Kariakoo ana PS5 na Xbox Series S, anasema zote "zinasoma za nyuma". Nikilipa Ijumaa, mzigo unafika Dodoma Jumamosi. Nichukue ipi? Nawasilisha.

FundiIlazo
Mleta mada, umekuja kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" halafu ananyamaza. Nyuma wapi? PS1, PS2, PS3, PS4, Xbox 360? Una CD au ulinunua kwenye akaunti? CD ni orijino au za kuchoma? TV gani? Intaneti ni faiba au bando la simu? Jibu hayo kwanza, hela isitoke.

Zabibu_Nyeusi
Wakati tunamsubiri: kama ana CD, Series S aisahau. Haina mlango wa CD, na ukichomeka deki ya nje kwenye USB haitambui. Ya kuangalia ni Series X yenye deki.

Ila kwa magemu ya nyuma Xbox hana mpinzani, tusidanganyane. Unaweka CD ya 360, mashine inaitambua, inakwambia ushushe gemu lote kutoka kwenye seva. CD inabaki kama ufunguo, na lazima iwe ndani kila unapocheza. CD ya 360 ni DVD, kwa hiyo piga hesabu ya GB 7 hivi kwa CD moja. Ukishashusha, lihamishie kwenye diski ya nje ya USB 3.0 na ulichezee hukohuko, nafasi ya ndani uiachie gemu mpya. Red Dead Redemption ya 2010 na GTA IV zote zinakubali. Mipaka yake: lazima gemu liwe kwenye orodha yao, na Novemba 2021 walitangaza kuwa orodha imefika mwisho. Za Kinect, ile kamera ya kucheza kwa mwili, hazichezi.

Bi_Pedi
Zabibu naye, mtu hajasema kama ana hata CD moja ya 360, wewe tayari umemuuzia Xbox!

Kwa PS5 iko hivi. CD za PS4 inasoma karibu zote, ilimradi ni PS5 yenye deki. Toleo la Digital halisomi CD. PS1, PS2 na PS3 haisomi hata moja. PS4 na PS5 zote zina prosesa za AMD za familia moja, kwa hiyo gemu la PS4 linajikuta nyumbani. PS3 ilikuwa na Cell, kitu kingine kabisa, ndiyo maana hata PS4 iliishindwa. Huyo wa Kariakoo akisema "zinasoma za nyuma" muulize nyuma ngapi.

Mawili ambayo wengi hawayajui: pedi ya PS4 inacheza gemu za PS4 juu ya PS5, ila ukifungua gemu la PS5 inakataa. Na sevu zako za PS4 zinahamia kwa flashi, usifute mashine ya zamani kabla hujazikopi.

Kijana_wa_Makole
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Kwenye boksi kuna CD za PS2 kama arobaini, PS3 kumi na moja, PS4 nne. TV ni Hisense inchi 43. Intaneti bando la simu.

FundiIlazo
Umeruka swali lenyewe. Orijino au za kuchoma? Kama hujui, geuza CD chini ya taa. PS2 orijino ya DVD chini ni fedha safi, ya CD ni bluu iliyokolea. Ya kuchoma inavuta zambarau, na ukiipindisha unaona mstari wa mviringo pale mchomaji alipoishia. Kisha angalia duara la ndani karibu na tundu: orijino ina herufi ndogo zilizochongwa zikianza na IFPI pamoja na namba ya toleo. Za kuchoma mara nyingi zina namba ya kiwanda cha CD tupu tu, na jina la gemu limeandikwa kwa mkapeni.

Nakazania hili kwa sababu za kuchoma zilikuwa zinacheza kwenye PS2 iliyotiwa chipu. Mashine inakagua alama ya kiwandani ambayo deki ya kuchomea haiwezi kuiandika, na chipu ndiyo ilikuwa inamdanganya mlinzi mlangoni. Hakuna PS5, Xbox wala PS3 isiyofanyiwa ujanja itakayokubali CD hizo.

Kijana_wa_Makole
Nimeangalia. PS2 orijino ni sita. Zilizobaki zambarau 😅

Mgogo_Halisi
Hahaha, thelathini na nne za mkapeni. Huo ndio urithi wetu.

Mimi nasema tafuta PS3 nono ya mwanzo, ile inayosoma PS2. Utacheza PS1, PS2 na PS3 kwa mashine moja, HDMI moja, hela inabaki.

FundiIlazo
Mgogo mtani wangu, hapo ndipo watu wanapigwa. Kuna moja ililetwa mezani kutoka upande wa Kondoa. Mnunuzi aliambiwa "hii GB 60, inasoma PS2". Tundu nne za USB mbele zipo, rangi imeng'aa, akalipa. Nyumbani, CD ya kwanza ya PS2: "si aina sahihi". Ya pili vilevile. Kibandiko cha nyuma kinasema CECHA01, mashine ya Marekani, na CD zake zote ni za PAL, zile za Ulaya na kwetu. PS3 haibagui nchi kwa gemu zake yenyewe, lakini kwa PS1 na PS2 inabagua. Akatafuta CD mbili za Kimarekani, zikacheza siku tisa. Siku ya kumi taa ya njano, milio mitatu, kimya. Kufungua: vumbi jekundu limejaa kwenye mapezi ya kupoozea mpaka upepo haupiti, pasta ya joto imekauka kama chokaa. Na juu ya bodi kuna alama za kuungua. Kumbe muuzaji aliipasha kwa hitagani, ile bunduki ya hewa moto, ili iwake siku ya mauzo. Ikishapashwa hivyo inakupa siku au wiki, kisha inalala moja kwa moja.

Ukitaka kununua hizi, soma kibandiko: CECHA na CECHB zina chipu zote mbili za PS2 ndani. CECHC na CECHE zina moja tu, kazi nyingine inafanywa na programu, na baadhi ya gemu zinagoma. Zenye tundu mbili za USB mbele hazisomi PS2 kabisa, hata aape.

Volti_230
Fundi, taa ya njano si joto tu. Ni zile kapasita bapa za NEC/TOKIN chini ya bodi, zimezeeka. Ukibandika kapasita mpya za tantalum za 470 µF mashine inaamka.

FundiIlazo
Baadhi zinaamka. Nyingine tatizo ni chipu ya picha yenyewe, RSX ya nanomita 90, vitone vya solda vya ndani vimepasuka, na hapo ubadilishe kapasita mpaka kiama. Pima kwanza, usianze kubandika.

Volti_230
Anayepima ni nani hapa mjini? Wengi wanashika hitagani kwanza, maswali baadaye.

Zabibu_Nyeusi
Jamani, mwenzenu anataka kununua mashine, ninyi mnafungua karakana.

Mtaalam_Nkuhungu
Turudi kwenye hizo CD arobaini. Kompyuta je? PCSX2, programu ya kuigiza PS2 kwenye kompyuta, haiangalii alama ya kiwandani, kwa hiyo hata za zambarau zinafunguka, mradi hazijachakaa.

Weka CD kwenye deki ya DVD ya kompyuta, fungua programu ya ImgBurn, chagua kutengeneza faili kutoka kwenye CD, hifadhi kama ISO, yaani nakala ya CD nzima kwa faili moja. Likikwama asilimia fulani, futa CD kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzunguka, kisha punguza spidi ya kusoma hadi 4x. Mkwaruzo wa chini mara nyingi unapona. CD ambayo rangi ya juu imebanduka imekufa, maana data ya CD imekaa chini ya rangi hiyo. DVD ina afadhali, data yake iko katikati ya plastiki. Kisha PCSX2 inataka BIOS, ile programu ya kuwashia mashine, na hiyo inatolewa kwenye PS2 yako mwenyewe. Ongeza ukubwa wa picha mara mbili tu kwanza, ukiona inaganda rudisha moja. Pedi ya PS4 unachomeka kwa USB, waya wa HDMI mpaka kwenye Hisense. Za PS3 usijaribu kwenye kompyuta ya kawaida: RPCS3, programu ya kuigiza PS3, inakula prosesa, na deki nyingi za Blu-ray hazisomi CD zake.

Bi_Pedi
Na hizo thelathini na nne kisheria ni za wizi, tuseme tu ukweli. Orijino sita ndizo unazomiliki.

Mgogo_Halisi
Dada, mwaka 2008 orijino ilikuwa inauzwa wapi hapa Dodoma?

Bi_Pedi
Sijasema zilikuwepo. Nimesema za wizi.

Volti_230
Mleta mada, PS2 yenyewe iko wapi? Mbona hakuna aliyeuliza?

Kijana_wa_Makole
Ipo, ile nyembamba. Niliichomeka kwenye Hisense, sauti inatoka, picha nyeusi na nyeupe inarukaruka. Nikajua imekufa.

Volti_230
Haijakufa hiyo! TV nyingi mpya, tundu la kijani la Component ndilo hilohilo linapokea waya wa njano. Waya uko sawa, kosa ni chaguo la TV. Toka Component, weka AV. Kama Hisense yako ina kitundu kimoja kidogo tu kama cha earphone, inataka waya wake wa kugawanya. Halafu tafuta waya wa Component wa PS2, ule wa nyekundu, kijani na bluu, picha itatulia kuliko ya njano. Waya wa PS3 unaingia kwenye PS2, plagi ni moja. Usikimbilie vile viboksi vya bei chee vya kugeuza AV kuwa HDMI, baadhi vinachelewesha picha, na kwenye mpira utajikuta unapiga chenga mtu ameshapita.

Na adapta yake ni volti 8.5. Usichomeke ya ruta ya volti 12.

Zabibu_Nyeusi
Basi hata hahitaji kitu kipya, isipokuwa Series X 😂

Kijana_wa_Makole
Volti, nimeweka AV. Rangi zimerudi!! CD ya kwanza ya zambarau imewaka, ya pili inakwaruza tu haisomi. Sasa Ijumaa nimwambieje jamaa? PS5 bado naitaka kwa zile nne za PS4.

FundiIlazo
Muulize ni yenye deki au Digital, akutumie picha ya mbele. Kama ni ile nyembamba ambayo deki yake inauzwa pembeni, kumbuka siku ya kuifunga inataka intaneti mara moja kujisajili.

Mgogo_Halisi
Hiyo ya pili inayokwaruza usiitupe. Ni gemu gani?