Mpwa wangu ana C ya Fizikia na D ya Hesabu: aende PCM au diploma ya umeme?

Mjomba_Iramba
Wakuu, habari zenu. Binti wa dada yangu amemaliza kidato cha nne shule ya kata. Matokeo: Fizikia C, Kemia C, Hesabu D, Jiografia B, Baiolojia C, Kiingereza C, Kiswahili B, Uraia C, Historia D. Anataka uhandisi wa umeme, hasikii la mtu. Shule yao ina chumba kinachoitwa maabara, ila vitendo vyote vya Fizikia vilichorwa ubaoni. Tumhangaikie PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu), PGM (Fizikia, Jiografia, Hesabu), au aende chuo cha ufundi? Na kipindi hiki yupo nyumbani afanye nini cha maana?

Kipimajoto
Mkuu, credit (alama C kwenda juu) za kuingia kidato cha tano anazo. Shida ni hiyo D kukaa ndani ya kombi yenyewe. Dirisha la kubadili tahasusi na kozi kwenye mfumo wa TAMISEMI likifunguliwa, aingie mwenyewe kwa namba yake ya mtihani apange upya machaguo. Wengi huacha walichojaza shuleni kabla ya matokeo, kisha wanalalamika wamepangiwa HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza).

PCM na PGM zote zinampeleka kwenye umeme, kwa sababu vyuo vingi huangalia Fizikia na Advanced Mathematics (Hesabu ya kidato cha sita), na Kemia wanatazama ya kidato cha nne, ambayo yeye ana C. PGM inamfungia uhandisi wa kemikali na jamii yake. Hata hivyo asome mstari wa kila programu kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka atakaoomba, maana masharti hayafanani chuo kwa chuo.

Sasa hesabu ya pointi. Kidato cha sita A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kiwango cha chini ni principal (alama A hadi E) mbili zenye jumla ya 4.0. Yaani Fizikia D na Hesabu D anapita kwenye karatasi, ingawa ushindani ni jambo lingine. Ila S (alama 35 hadi 39) si principal. S moja ya Hesabu na uhandisi umefungwa, hata kama Fizikia ana A. Kwa mtoto mwenye D ya kidato cha nne, hatari iko hapo.

Fundi Sanifu Mstaafu
Ndiyo maana mimi ningempeleka diploma, bila kusitasita. DIT Dar, ATC Arusha, MUST Mbeya: miaka mitatu, NTA (ngazi za elimu ya ufundi) 4 hadi 6, na D ya Hesabu haimzuii kuomba kama Fizikia na Kemia zimepita. Anashika waya mwezi wa kwanza. Akimaliza ana cheti cha kazi mkononi, ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) inamsajili kama fundi sanifu, na akitaka digrii anaomba kwa GPA (wastani wa pointi za masomo), kuanzia 3.0 kati ya 5. Njia ya PCM ni miaka 2 kisha 4. Hii ni 3 kisha 4. Mwaka mmoja tu wa ziada.

Kipimajoto
Mzee wangu, mwaka mmoja sikatai. Ila tusimwambie mtu kwamba diploma inaikwepa Hesabu. Somo la hesabu za uhandisi lipo tangu mwanzo, na ukiingia sapu (mtihani wa marudio) alama ya juu unayopewa ni C. Ngazi ya 6, C ni pointi 2. Sapu zikirundikana hiyo 3.0 inaweza kukukimbia, ukabaki na diploma nzuri isiyokupeleka chuo kikuu. Gharama nayo: kidato cha tano na sita shule za serikali ada ilifutwa 2022, chuo kina ada. Mikopo ya HESLB (Bodi ya Mikopo) kwa diploma ipo tangu 2023/24 kwa fani za kipaumbele, uhandisi ukiwemo, lakini si kila mwombaji anapata.

Mjomba_Iramba
Nashukuru. Kwa hiyo njia zote mbili zinapita kwenye Hesabu. Aanzie wapi? Mwalimu wa tuisheni hapa kijijini hakuna.

Mwl. Desimali
Asianze na calculus, hata kama kaka zake wa PCM wanamtisha nayo. Wanaofeli integration kidato cha sita mara nyingi wanafelia aljebra ya kidato cha pili. Mpe jaribio hili: kutoka 1/R = 1/R₁ + 1/R₂, tafuta R₁. Akiandika R = R₁ + R₂, amepindua kila kipande kivyake, na hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Jibu ni R₁ = R·R₂/(R₂ − R). Akikwama hapo, wiki tatu za kwanza ni sehemu na kubadili kanuni tu. Halafu vipeo na logi, milinganyo ya kipeo cha pili, mstari mnyoofu, trigonometria. Mitihani ya NECTA ya miaka ya nyuma aifanye kwa saa, na asahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine ili kosa linalojirudia lionekane.

Vitendo anaweza kufanya nyumbani. Afunge nati nzito kwenye uzi, aning'inize, apime urefu wa sm 30, 45, 60, 75 na 90. Kila urefu apime muda wa mabembeo 20, mara mbili, agawe kwa 20 apate T (muda wa bembeo moja). Achore T² dhidi ya urefu kwa mita: mteremko uwe karibu 4.0, na g (mchapuko wa mvutano wa dunia) = 4π² ÷ mteremko. Akipata g ya 10.9 hivi, alisema "moja" wakati anaachia nati badala ya "sifuri", kwa hiyo amepima mabembeo 19. Mstari usipopita kwenye sifuri lakini mteremko uko sawa, alipima uzi mpaka juu ya nati badala ya katikati yake. Pembe isizidi nyuzi 10.

Fundi Sanifu Mstaafu
Niongeze la umeme. Multimita ya bei nafuu, betri kubwa ya redio ya 1.5 V iliyotumika kiasi (mpya ina ukinzani wa ndani mdogo mno, grafu inalala), na rizista za ohm 4.7, 6.8, 10 na 22, za wati 1. Apime volti (V) na mkondo (I) kwa kila rizista, achore V dhidi ya I. Mstari unashuka, ukubwa wa mteremko ndio ukinzani wa ndani, na unapokata mhimili wa V ndiyo EMF (volti ya betri isipotoa mkondo). Aunganishe, asome haraka, achomoe. Akiacha mkondo upite, betri inachoka na nukta za mwisho zinaanguka chini ya mstari.

Na waya mwekundu akimaliza kupima ampea aurudishe tundu la volti pale pale. Akiusahau kwenye ampea kisha akagusa betri kupima volti, hiyo ni shoti, betri au multimita inaweza kuharibika, na kijijini kupata nyingine ni safari.