"Unasali wapi?" kwenye usaili, onyo la utoro kwenye faili. Huu ni ubaguzi wa dini, tusizungushane!

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mimi ni Msabato, karani wa stoo kwenye kampuni moja ya usambazaji hapa Dar. Jina siliweki, mshahara wa mwezi huu bado haujatoka. Siku ya usaili niliulizwa "unasali wapi?" nikajibu bila kuficha: Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama, mimi kazini sipo. Meneja wa wakati ule akasema hakuna shida, utaingia Jumapili. Nikawa naingia. Krismasi nipo, Pasaka nipo, wenzangu wako kwao wanakula pilau. Na kuna jamaa Mwislamu tulikuwa tunashikiana: Ijumaa mchana akienda msikitini nampokelea mzigo getini, Jumamosi ananishikia yeye. Hakuna gari lililowahi kulala bila kushushwa kwa sababu ya ibada ya mtu.

Kaja meneja mpya, mzee wa kanisa. Jumatatu asubuhi anatukusanya wote "tumkabidhi Mungu wiki", na asiyetokea anaitwa pembeni. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuhamisha siku ya kuhesabu mzigo, kutoka Jumapili kwenda Jumamosi. Sababu? Jumapili ni siku ya ibada. Ya nani?

Nikamfuata kwa adabu zote, na barua ya mchungaji wangu mkononi. Hakuifungua. Akanisomea Marko 2:27, kwamba Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu. Kanisomea mimi! Kwetu Upare Usabato umeingia tangu 1903, leo nifundishwe andiko hilo na mtu anayepanga nalo zamu za stoo.

Siku hizi ratiba anaituma kwenye kundi la WhatsApp Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jioni, akijua kabisa nimeshazima simu. Jumatatu nakuta barua mezani: "Unatakiwa kujieleza kwa nini usichukuliwe hatua za nidhamu kwa utoro kazini na kukaidi agizo halali la mwajiri." Dini haijatajwa hata mahali pamoja. Ndivyo wanavyofanya. Dada wa mapokezi alisumbuliwa kwa ajili ya hijabu, faili lake linasema "mwonekano usiofaa". Yule jamaa wa swala ya Ijumaa kaandikiwa "kuondoka kituo cha kazi bila ruhusa". Mkaguzi akifungua mafaili yetu atadhani kampuni imeajiri wahuni watupu.

Nimekaa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nikaisoma mwenyewe. Kifungu cha 7 kinakataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa dini, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Hilo la kuzunguka ndilo letu. Tena ukionyesha dalili za kutosha kwamba umebaguliwa, mzigo wa kuthibitisha vinginevyo unahamia kwa mwajiri. Na kinamlinda hata mwombaji kazi, kwa hiyo hilo swali la "unasali wapi" wenye kampuni walifikirie mara mbili. Sheria hiyo hiyo inatoa mapumziko ya saa 24 kila wiki. Hakuna palipoandikwa lazima yawe Jumapili. Saa 45 za wiki nazitimiza, na kadi ya mahudhurio ipo.

Najua wanakuja wale wa "kama hutaki acha kazi, wenye shida ya ajira wako wengi". Kwa hiyo umaskini wetu ndio leseni ya kutubagua? Na wale wa "je, wote tukidai siku zetu?" Ningekuwa nesi wodini ningewaelewa, na wapo Wasabato wanaoingia zamu Jumamosi kwa sababu mgonjwa hasubiri. Sisi tunahesabu maboksi ya sabuni. Boksi la sabuni Jumapili lipo pale pale.

Kwa walio kwenye hali kama yangu, angalieni muda. Ukiachishwa kazi una siku 30 tu za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa migogoro mingine ni siku 60. Wengi wanaponzwa na kuzungushwa na afisa utumishi, "subiri tunalishughulikia", mpaka siku zinapita. Pigeni picha kila barua, na ujumbe wa kundi msiufute.

Sasa naombeni msaada kwa waliowahi kupita huku. Nimeitwa kikao cha nidhamu. Kanuni zinaniruhusu niingie na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzangu, na yule jamaa wa swala kakubali kuingia na mimi bila kusita. Tatizo ni kwamba kikao chenyewe kimepangwa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Nisipotokea wataamua bila mimi. Kuna aliyewahi kuomba tarehe ibadilishwe ikabadilishwa? Barua uliandikaje, na nakala ulimpelekea nani?