Uvimbe juu ya goti, kijana wa miaka 14: apasuliwe hapa hapa au tuende mjini?

Mjomba_Kibaigwa
Wakuu habari za jioni. Mtoto wa dada yangu, miaka 14, ana uvimbe mguu wa kulia, juu kidogo ya goti. Mwezi wa kwanza alikwatuliwa kwenye mpira, wote tukasema ni mpira huo. Bibi yake akamchua kwa mafuta ya kondoo, zahanati wakampa panado na antibaotiki, uvimbe unakua tu. Mchana anachechemea, ila usiku ndiyo balaa, anaamka analia. Ukiugusa ni mgumu, umekamata mfupa, hauchezi. Homa hana.

Wiki hii tumepiga eksirei. Ripoti inasema kuna kitu mwishoni mwa fupa la paja, afanyiwe uchunguzi zaidi. Sasa kuna mtu kajitokeza, anasema atampasua hapa hapa autoe wote kwa laki nne, tusihangaike na Dodoma. Dada anataka kukubali. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Chap_Mpwapwa
Pole sana mkuu. Kabla ya kisu jaribuni majani ya mlonge, yapondwe yafungwe hapo usiku kucha. Jirani yetu jipu lilikauka.

Mzee_Eksirei
Mlonge ni mboga, pikeni mle na ugali.

Mjomba, mimi nimepiga picha za mifupa Dodoma hii tangu enzi za kusafishia filamu gizani mpaka nikastaafu. Kutoa majibu ni kazi ya daktari, lakini nakuonyesha pa kutazama. Itoe kwenye bahasha, iegemeze dirishani mchana, shuka mpaka mwisho wa paja.

Tafuta mpaka. Uvimbe usio saratani kwa kawaida hukua polepole, mfupa unapata muda wa kujijengea ukuta, kwa hiyo mara nyingi utaona mstari mweupe mwembamba unaoweza kuufuatisha kwa ncha ya kalamu. Ule mbaya kalamu haijui isimame wapi. Mfupa wenye afya unafifia kidogo kidogo hadi hujui ugonjwa umeanzia wapi. Kisha tazama ganda la nje. Limetoboka? Pembeni kuna mfupa mpya uliochomoza kama miale ya jua? Utando wa juu ya mfupa umenyanyuliwa ukafanya pembetatu ndogo? Picha za namna hiyo nilikuwa siziachi zisubiri foleni, namfuata daktari nayo mkononi, bado inachuruzika maji.

Ongeza umri na mahali. Kijana anayerefuka, karibu na goti, maumivu ya usiku, uvimbe mgumu: cha kwanza kuhofiwa ni osteosakoma, yaani saratani ya mfupa, mpaka vipimo viseme vingine. Kuanguka hakuleti saratani, kunafanya tu mguu utazamwe. Ila msianze msiba. Usaha wa ndani ya mfupa na TB ya mfupa huweza kutoa picha inayofanana. Na kinyume chake, kuna saratani ya Ewing inayokuja na homa, watu wakatibu usaha miezi na miezi. Ndiyo maana picha haimalizi kesi, kinachomaliza ni kipimo cha kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachochukuliwa kikapimwe maabara.

Sasa huyo wa laki nne. Asimguse! Uvimbe huo kama ni mbaya ukachokonolewa bila mpango, seli zake zinamwagika kwenye nyama na damu ya jirani, na mguu uliokuwa wa kuokolewa unaishia kukatwa. MRI ya paja zima, ile picha ya mashine ya sumaku, hutangulia, ndipo kinyama kichukuliwe. Na anayechagua pa kupitishia sindano ni yule yule atakayefanya upasuaji mkubwa, au timu yake, kwa sababu njia hiyo nayo itaondolewa pamoja na uvimbe.

Binti_Kondoa
Mzee, mimi nina nundu ya mfupa chini ya goti tangu niko shule ya msingi. Waliniambia osteokondroma, haina neno, na kweli nilipoacha kurefuka nayo ikaacha. Ya huyu mtoto haiwezi kuwa hiyo?

Mzee_Eksirei
Mwanangu, yako haikuamshi usiku. Ikianza kuuma au kukua tena ukubwani huu, rudi ukapige picha. Upo uvimbe mwingine mdogo usio saratani, osteoidi osteoma, unaoumiza usiku kweli, lakini mara nyingi brufeni inaunyamazisha kabisa, na kiini chake hakizidi sentimita 2. Huu wa Kibaigwa unashikika kwa kiganja.

Mjomba_Kibaigwa
Shikamoo mzee. Tumeitazama na dada dirishani. Mstari mweupe hatuuoni. Anauliza, watamkata mguu? Na tuanzie wapi?

Mzee_Eksirei
Marahaba. Mwambie mama swali hilo halijibiki leo. Chukueni rufaa mwende hospitali ya Benjamin Mkapa, pale chuo kikuu cha Dodoma (UDOM), MRI ipo. Ikithibitika ni osteosakoma, tegemeeni Muhimbili: kuna MOI, taasisi ya mifupa, na kuna wodi ya watoto wenye saratani. Kwa kawaida dawa za saratani hutangulia, wiki kama 10, ndipo upasuaji, kisha dawa tena. Zamani, kabla dawa hizo hazijaanza kutumika miaka ya 1970, hata waliokatwa mguu mapema wengi walifariki kwa mapafu, maana ugonjwa huu hukimbilia huko. Kwa hiyo msishangae mguu unauma halafu wanataka CT, picha ya ndani ya kifua. Kuuokoa mguu kunawezekana ukiwahi, ingawa vyuma vya kuziba pengo la mfupa ni ghali na havipo kila mahali, ulizeni mapema. Kama hana bima, piteni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hamjauza hata mbuzi.

Bebeni filamu yenyewe, ripoti peke yake haitoshi. Bibi aache kuchua kuanzia leo. Na mtafutieni magongo, huo mguu asiukanyagie hata kwenda chooni, mfupa ulioliwa huvunjika kwa kujikwaa tu. Kwenye basi mkatieni siti ya mbele apate kuunyoosha.