Tangazo la shule lililokupita likakutoa jasho: tupeane uzoefu

Baba Kidawa: Wakuu, leo nafua begi la mtoto nakuta chini kabisa tangazo la kikao cha wazazi limejikunja kwenye maganda ya penseli. Kikao kilishapita kitambo, hadi mwenyekiti wameshachaguana. Namuuliza mbona hukunipa, ananijibu "mwalimu kasema tupeleke nyumbani, si nimeleta?" Nikakosa la kusema. Wenye watoto wa shule ya msingi, shusheni yenu.

Mama Pacha: "Si nimeleta" 😂😂 huyo wakili kabisa

Fundi Saa: Kwetu shida ni grupu. Tangazo linawekwa asubuhi, chini yake asante mwalimu, amina, ubarikiwe, jioni unalitafuta mpaka unakata tamaa. Admini afunge, waandike maadmini tu.

Mama Pacha: Kwa hiyo kushukuru nako kosa?

Fundi Saa: Mshukuru inboksi dada.

Mzazi Mkimya: Ngoja niseme langu maana nikikumbuka tumbo linavuruga. Siku hiyo maji yalikatika shuleni wakaamua watoto warudi nyumbani mapema, mi niko kazini sina hili wala lile, nakwenda kumchukua muda wa kila siku nakuta geti limefungwa, mlinzi ananishangaa, "mama, watoto wameondoka tangu saa nne". Mtoto mwenyewe wa darasa la kwanza jamani. Miguu ikaisha nguvu. Mwalimu wa darasa mgeni, nampigia hapokei, nampigia baba yake naye ananiuliza mimi mtoto yuko wapi, nikaanza kugonga nyumba moja moja hata za watu nisiowajua. Kumbe kachukuliwa na mama wa rafiki yake, nimemkuta kajilaza sakafuni anachora, ananiangalia, "mbona umewahi?" Nililia palepale sebuleni kwa watu. Kesho yake nimeenda shuleni nimefura wananionyesha tangazo lilitumwa WhatsApp kwa wazazi wote, na kweli wenzangu walilipata. Kwangu halipo!

Bibi wa Wajukuu: Pole sana mwanangu. Mungu mkubwa.

Mjuzi: Dada, huyo mwalimu alituma kwa brodikasti, yaani ujumbe mmoja kwa watu wengi kwa mpigo bila grupu. Brodikasti ya WhatsApp inamfikia tu yule aliyeisevu namba ya mtumaji. Hujamsevu, yeye anaona katuma, wewe hupati kitu.

Mzazi Mkimya: Weeee! Namba yake nilikuwa nayo kwenye karatasi tu, imebandikwa jikoni!!

Kaka Mkubwa: Mi naona mnaruka jambo. Huyo mama alimchukua mtoto wa mwenzie bila simu, na shule ikamkabidhi?

Mama Pacha: Ulitaka amwache getini?

Kaka Mkubwa: Nilitaka shule imkabidhi mtu aliyeandikwa na mzazi. Leo kamchukua mtu mwema, kesho je?

Mama Pacha: Watu kama wewe ndo mnafanya majirani waogope kusaidia.

Baba Kidawa: Uzi umetekwa, ila kwa kisa hiki acha utekwe tu.

Teacher Mstaafu: Rudini kwenye daftari la mawasiliano. Mwalimu anaandika, mzazi anasaini, imeisha hiyo.

Fundi Saa: Mi nasaini bila kusoma 🙈

Mjuzi: SMS ya kawaida ndo dawa, haitaki bando, inafika hata kwenye kitochi. Tatizo ujumbe mmoja herufi 160, shule zinabana maneno kukwepa kulipia wa pili. Sisi tulipata "Kesho hakuna shule J3 waje na fagio". Hebu niambieni, fagio ni Jumatatu au Jumatatu hakuna shule?

Mama Pacha: Bora hiyo. Wetu anatuma voisi ndeefu, tarehe anaitaja mwishoni.

Kaka Mkubwa: Weka spidi mara mbili.

Mama Pacha: Anavyoongea ni kama tayari kawekwa mara mbili.

Bibi wa Wajukuu: Mkague begi kila jioni wakilala. Simu hizo zitawaua.

Mzazi Mkimya: Mi nishamsevu mwalimu. Nimemsevu na mwalimu mkuu, na yule mama, na mlinzi.