Boti mpya ya faiba imeota malengelenge chini, mliowahi kudai waranti tupeane uzoefu

Wakuu habari za leo. Niko Matema, Kyela, Ziwa Nyasa, nina boti ya faiba futi 23 niliinunua mpya Dar miezi 14 iliyopita, nabeba abiria na mizigo kwenda Ikombe na Lumbila. Juzi nimeivuta mchangani niisugue nakuta tumbo lote limeota malengelenge, mengine kama punje ya mahindi mengine kama sarafu ya mia mbili, nikatoboa moja na msumari likatoka maji yananata yana harufu ya siki. Karatasi inasema waranti ya bodi miaka miwili ila nikipiga simu naambiwa unaiburuza kwenye mawe hayo ni matumizi mabaya. Hii boti ndio ada ya watoto jamani. Aliyepitia haya aseme, umeshinda au umeshindwa vyote tunataka.

*

Mkuu usitoboe tena hata moja, huo ndio ushahidi wako. Mimi fundi faiba Mbeya mjini. Maji yanapenya jelikoti (lile ganda laini la nje) taratibu, ndani yakikuta rezini (gundi inayoshika faiba) ambayo haikuiva vizuri kiwandani yanageuka tindikali, ile tindikali inavuta maji mengine mpaka inasukuma jelikoti nje, ndo siki uliyonusa. Na maji baridi ya ziwani yanaleta hilo tatizo haraka kuliko ya chumvi, kwahiyo asikudanganye mtu eti malengelenge ni ya baharini tu. Mawe yanaacha mikwaruzo, hayaoteshi malengelenge. Hesabu yaliyopo sehemu isiyogusa mchanga, piga picha na rula pembeni.

*

Mimi nilishindwa na mpaka leo inaniuma. Niko Mtera upande wa Iringa, ubao wa nyuma inapofungwa mashine ulianza kucheza, nikaona msimu wa samaki unapita nikampa fundi wa hapa akakata akakuta plaiwudi ya ndani imeoza imekuwa kama ugali, maji yaliingia kwenye matundu ya boliti ambayo walitoboa wao wenyewe wauzaji bila kuziba na silanti. Tukaweka mpya, vipande vya zamani vikachomwa. Nilipodai wakaniambia hatuna cha kukagua. Walikuwa sahihi kwa karatasi yao, imeandikwa ukitengeneza kabla hawajaona waranti imekufa, ila mimi sikuisoma. Kaka hata kama njaa inakubana usiguse.

*

Dada wa Mbamba Bay hapa, mimi nilipata nusu. Yangu ilikuwa faiba imeachana ndani, nilikuwa nagonga na mpini wa nyundo, pazima panalia ko ko, pabovu panalia bu kama gunia. Nikazungushia chaki kila panapolia bu, nikachukua video sauti isikike, nikaandika barua sio simu, barua wakaisaini kupokea, nikaweka namba ya bodi ile iliyochongwa nyuma upande wa kulia, risiti, na karatasi ya ukaguzi wa TASAC, wale wa serikali wanaokagua vyombo vya majini. Mwanzo kimya. Nikaandika ya pili nikataja Sheria ya Ushindani ya 2003 na kwamba nakala inaenda Tume ya Ushindani, baada ya hapo fundi wao akaja mwenyewe. Matengenezo walibeba wao, Fuso ya kupeleka Dar na kurudisha nililipa mimi, na wiki zote boti ikiwa haipo hakuna fidia. Kwahiyo mkuu uliza usafiri wa nani KABLA hujapakia.

*

Mleta mada nimerudi. Nimehesabu na kijana wangu, yapo 61, na 48 yako ubavuni ambapo mchanga haufiki kabisa. Picha tayari, lile nililotoboa nimelifunika na nailoni. Barua nimeandika leo, kesho asubuhi inapanda basi la Dar, na suala la Fuso nimeliweka aya ya kwanza. Ndaga fijo (asanteni sana) wote, wakijibu naweka hapa hapa.