Mjadala: Ufadhili wa chesi tumpe bingwa, au mtoto ambaye bado anajifunza?

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita tulikaa kikao kidogo cha walimu na wazazi tunaofundisha watoto chesi, ile ambayo wazee wa pwani wanaiita sataranji. Kuna mfadhili amejitokeza, na ajenda ilikuwa moja tu: hela yake iende wapi? Karibu wote walitaka yaandaliwe mashindano makubwa ya vijana, kisha bingwa wa kiume na bingwa wa kike wasomeshwe. Nilipinga, nikabaki na mama mmoja tu upande wangu. Nimeona nilete hoja hapa, maana kikao kinarudi Jumamosi.

Ninachosema ni kwamba ufadhili usisubiri kombe. Mtoto ashikwe mkono wakati bado anajifunza, kabla maisha hayajamtoa kwenye ubao.

Niseme nilichokiona mwenyewe. Mwaka juzi nilimpeleka binti wa darasa la sita kwenye mashindano. Shuleni kwetu tuna mbao nne za plastiki, na kwenye ubao mmoja ngome nyeusi ilishapotea, tunaweka kizibo cha soda. Binti huyu alikuwa anawafunga hadi kaka zake wa sekondari. Kiingilio tulichangishana walimu. Mashindano yalikuwa hotelini, upande wa pili wa jiji. Tulitoka alfajiri, daladala mbili, foleni ikatukamata. Tulipoingia ukumbini muda wa kuwasubiri waliochelewa ulikuwa umekwisha, mpinzani kapewa pointi. Mwamuzi alifuata sheria, simlaumu.

Mzunguko wa pili ndio ulioniuma zaidi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikaa mbele ya saa ya chesi, ile unayoibonyeza kila ukimaliza hatua ili dakika zako zisimame na za mpinzani zianze kwenda. Anacheza hatua nzuri, halafu anakunja mikono na kutafakari, amesahau kuibonyeza. Dakika zake zinakwisha, nami nimesimama nyuma ya kamba, mwalimu haruhusiwi kutoa sauti. Alimaliza na pointi mbili kati ya sita. Waliopanda jukwaani walicheza vizuri na walistahili makofi. Lakini zawadi kubwa ya siku ile ilikuwa kulipiwa ada, nayo ikaenda kwa mtoto wa shule ya kulipia ambaye wazazi wake walikuwa wanailipa bila shida.

Ndugu mmoja kikaoni alinijibu kwa mfano wa Phiona Mutesi, mchezaji chesi wa mtaa wa Katwe, Kampala: "Si unaona, yule alitoka kwenye dhiki kwa kushinda?" Nilimwomba aitazame habari ile kuanzia mwanzo. Phiona alikuwa ameacha shule kwa kukosa ada, anauza mahindi mitaani. Alimfuata kaka yake mahali ambapo Robert Katende alikuwa akifundisha watoto chesi, na kilichowavuta wengi pale kilikuwa kikombe cha uji. Katende alianza na mpira. Akaona kuna watoto wanaosimama pembeni hawachezi, akawaletea ubao. Uji ulitangulia, kisha msaada wa kurudi shule, na medali zikaja baadaye. Cheo chake cha kimataifa alikipata baada ya Olimpiadi ya chesi ya Istanbul mwaka 2012, na miaka michache mbele akaenda kusoma chuo kikuu Marekani. Lau Katende angesema "nitamsaidia atakayekuwa bingwa wa Uganda", binti yule angebaki na beseni lake la mahindi.

Hata Tunde Onakoya wa Nigeria, aliyecheza chesi saa 60 mfululizo New York mwezi Aprili 2024 ili kuchangisha fedha za elimu ya watoto, hakuanzia huko. Mwaka 2018 alianza kwa kwenda mitaa duni ya Lagos na ubao mkononi. Na yeye mwenyewe alisoma kwa sababu mama yake alikubali kufanya usafi shuleni ili mwanawe apokelewe. Kwa hiyo ni mama aliyetoa ufadhili wa kwanza, tena kabla mtoto hajashinda chochote.

Sasa nikubali penye nguvu ya upande wa pili, maana ipo. Amon Simutowe wa Zambia, aliyepata cheo cha grandimasta, kilicho cha juu kabisa kwenye chesi, mwaka 2009, wa kwanza Afrika kusini mwa Sahara, alisoma University of Texas at Dallas, chuo kinachotoa ufadhili kwa wachezaji hodari wa chesi. Vyuo vya namna hiyo vinatazama kiwango cha FIDE, yaani alama anazopewa mchezaji na shirikisho la chesi la dunia, na kiwango hakipatikani kwa kucheza chini ya mwembe wa shule. Lazima mtoto acheze mashindano yaliyosajiliwa. Kwa hiyo sisemi mashindano yafutwe. Nataka yafanyike mengi, madogo, kwenye madarasa ya shule zetu Jumamosi, bila kiingilio, saa ziwepo mezani na watoto wazizoee mapema. Hela ya ukumbi wa hoteli siku moja inanunua mbao na saa za shule kadhaa.

Jambo jingine, na hapa naomba walimu wenzangu tusidanganye wafadhili. Tumezoea kuandika kwamba chesi inapandisha hesabu. Uingereza walilipima hilo kwenye shule za msingi 100, matokeo yakatoka mwaka 2016: mwaka mmoja baada ya mafunzo, waliofundishwa chesi hawakuwapita wenzao kwenye hesabu. Tuombe hela kwa sababu ya mchezo wenyewe na kwa sababu unamfanya mtoto apende kuja shule. Mimi hiyo inanitosha.

Kuna aliyesema elimu ya serikali hapa Tanzania haina ada tangu 2016, kwa hiyo ufadhili wa nini? Jamani, tunaishi nchi moja. Kuna nauli, sare, madaftari, chakula cha mchana. Binti niliyemtaja yuko kidato cha kwanza sasa. Shule iko mbali, anatembea, akifika nyumbani giza limeingia. Chesi ameacha. Kinachomkosesha mchezo ni nauli ya kwenda na kurudi.

"Bila ushindi utawachaguaje?" Swali la haki. Tazama mahudhurio ya mwaka mzima, na tazama daftari. Sisi kila mtoto anaandika hatua za mechi zake. La binti yule ninalo bado. Ile mechi aliyopoteza kwa saa ameiandika yote, na hatua ya 19 ameizungushia duara kwa kalamu nyekundu, pembeni ameandika: "farasi wangu alinaswa hapa, ningerudi nyuma." Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Karibuni. Mnaotaka bingwa kwanza, naomba mnijibu hili moja: mtoto kama huyu, kwa mpango wenu, anafikaje fainali? Na kama kuna mwalimu aliyewahi kutoa ufadhili kwa mahudhurio, atueleze alizuiaje wazazi na viongozi kupenyeza majina ya watoto wao. Hapo ndipo mpango wangu una tundu, na hadi Jumamosi nataka niwe nimeliziba.