Paneli ya ruta ya video: mtindo wa XY, autiputi moja, au Stream Deck na Companion?

NyumaYaKamera:
Wakuu, habari za kazi. Tuna Videohub ya 40x40 (ruta ya video ya Blackmagic inayopeleka inputi yoyote kati ya 40 kwenye autiputi yoyote kati ya 40) na watu watatu wanaoigusa: fundi, mchanganya picha na wa kurekodi. Wote wanabadilisha njia kwenye kompyuta moja, na wanagombania kipanya. Nachagua kati ya paneli ya vitufe ya ruta hiyo, Smart Control, katika mtindo wa XY, paneli hiyohiyo katika mtindo wa autiputi moja (kwenye mpangilio unaitwa Cut Bus), au Stream Deck XL ya vitufe 32 inayoendeshwa na Companion, programu ya kwenye kompyuta. Wenye uzoefu mnasemaje?

Kebo75:
XY mpe fundi peke yake. Unachagua autiputi, kisha chanzo. Vitufe vinagawanywa pande hizo mbili, kwa hiyo usitegemee 40x40 yote ikae kwenye paneli moja. Weka zinazoguswa kila siku, zilizobaki zibaki kwenye kompyuta. Halafu washa TAKE: ukichagua chanzo, kitufe kinamulika tu, picha haihami mpaka uthibitishe. Inachelewesha kidogo, ila kidole kilichoteleza hakifiki hewani.

Mchanganyapicha:
Mimi ni wa autiputi moja, sibadiliki. Paneli yangu inalisha monita ya kukagua picha tu. Kila kitufe ni chanzo, nabonyeza mara moja nimemaliza. Hapo TAKE ni usumbufu mtupu. Na siwezi kuharibu autiputi ya mwenzangu kwa sababu paneli haina hata moja ya kwake.

ZamuYaUsiku:
Companion ni ya bure, na kitufe kimoja kinaweza kuhamisha autiputi sita kwa mpigo, jambo zuri sana mnapobadilisha kipindi. Lakini kumbuka Stream Deck inategemea kompyuta. Mashine ikiamua kujisasisha katikati ya matangazo, vitufe vinakufa. Njia zilizokwisha wekwa hazipotei, ruta inazishikilia yenyewe, ila huwezi kuzibadilisha kutoka hapo.

Ukipenda kuandika amri zako mwenyewe, Videohub inasikiliza amri za mtandao (TCP) kwenye poti 9990, kwa maandishi ya kawaida:

VIDEO OUTPUT ROUTING:
11 4

Hiyo inapeleka inputi ya 5 kwenye autiputi ya 12, kwa kuwa hesabu inaanzia 0. Malizia na mstari mtupu, la sivyo ruta inakaa kusubiri.

NyumaYaKamera:
Asante mkuu. Swali la pembeni: kwa nini picha inaruka nikibadilisha chanzo? Nilidhani ni kasoro ya ruta.

Kebo75:
Si paneli, na huenda si ruta. Ruta ikipewa sinki ya rejea (mapigo ya pamoja yanayolinganisha muda wa vifaa vyote) hubadilisha ndani ya mstari maalumu wa picha, na kwa picha za 1080 mwongozo wa SMPTE RP 168 unataja mstari wa 7. Lakini hiyo inasaidia tu kama kamera nazo zinafuata sinki hiyohiyo na umbizo ni moja. Ukichanganya 1080i50 (mistari inayopishana) na 1080p25 (picha nzima nzima), itaruka hata ukinunua paneli ya dhahabu. Anza na kamera.

ZamuYaUsiku:
Na autiputi inayokwenda hewani ifungeni kwenye programu ya ruta. Kufuli inazuia paneli zote, si kompyuta tu.

Mchanganyapicha:
Ongezea: kila paneli na ruta yenyewe zipewe anwani ya IP isiyobadilika. Zikigawiwa ovyo na mtandao, siku umeme unakatika na kurudi paneli inatafuta ruta pasipo. Majina ya vyanzo nayo yawe mafupi: KAM 1, VTR, GRAF.

NyumaYaKamera:
Basi nimepanga hivi: XY yenye TAKE kwa fundi, autiputi moja kwa mchanganya picha. Wa kurekodi atapata Stream Deck, kwa sababu ndiye anayehamisha nyingi kwa pamoja na hagusi hewani.

Kebo75:
Sawa kabisa, ila kwenye Stream Deck yake usiweke kitufe chochote cha autiputi ya hewani, hata kama imefungwa.